Glavu za Wageni

Redioni tunaambiwa kwamba samaki wetu wa mabwawani sasa wanaliwa katika mabara matatu. Sibishi. Naulizia tu mikono inayowapasua.

Mama Pacha amesimama kwenye meza ya minofu tangu kiwanda kifunguliwe. Hupasua samaki waliotoka kwenye barafu kwa mikono mitupu. Vidole viwili vya kushoto vimekufa ganzi; akijikata, hajui mpaka aone maji yamekuwa mekundu. Nyumbani, binti zake hawataki tena awasuke. “Mama, unavuta mpaka machozi yanatutoka!”

Wanunuzi wa ng'ambo wanapokuja kukagua, kila mfanyakazi hupewa glavu nene zenye pamba ndani. Wakiondoka, msimamizi hupita na kreti kuzikusanya. Watu wameshazibatiza jina, “glavu za wageni,” wakacheka, yakaisha. Mimi sioni cha kuchekesha.

Safari hii wageni walikaa hadi alasiri. Ndani ya glavu, kidole kimoja cha Mama Pacha kilichokufa ganzi kikaanza kuchoma kama sindano, kisha akakihisi, kizima, chake. Gari la wageni likatoka getini. Kreti likaja. Msimamizi ni mume wa mdogo wake.

“Haya, Shemeji, vua.”

“Sivui.”

“Acha utani.”

“Nikutanie wewe? Hayo mabuti yako kama mitumbwi ni utani tosha.”

Meza nzima ikaangua kicheko.

“Glavu ni mali ya kampuni, Shemeji.”

“Na vidole ni mali ya nani?”

Msimamizi akashusha sauti. “Meneja ataniambia nikufukuze. Nikikufukuza, mdogo wako atanifungia mlango. Nitalala wapi?”

“Basi usinifukuze.”

Nje, lori lilikuwa likinguruma, likisubiri kupakia shehena kabla barafu haijayeyuka. Jirani yake mezani, ambaye alikwisha kuvua glavu moja, akaivaa tena. Akafuata wa pili, kisha upande wote wa dirishani. Visu vikaendelea kukata. Msimamizi alilitazama lori, akalitazama kreti tupu, akalibeba kwenda ofisini kama mtu apelekaye habari za msiba.

Kama kesho atapitishwa getini, Mama Pacha hajui. Jioni ile alikaa kibarazani, akamvuta mmoja wa pacha katikati ya magoti yake, akazigawa nywele kwa kitana.

“Nikivuta, sema.”

Msuko wa kwanza ukaisha.

“Mbona husemi?”

“Hujavuta, Mama.”