Hakujua Kuzirai

Kabla sijahamia Riyadh nilikuwa Jeddah, nikifanya kazi za ndani kwenye jumba moja la mtaa wa Al-Hamra, pamoja na mwenzangu kutoka Bungoma niliyemwita dada mkubwa. Mchana, madam akilala, tulipiga pasi huku nikimsimulia riwaya nilizosoma kwenye simu. Nazipenda mpaka leo. Msichana wa hadithi hizo huwa yatima, mwembamba, mwenye gauni jeupe, anakaa kwenye jumba lenye chumba kisichofunguliwa. Analia bila kutoka makamasi. Akizirai, kuna bwana hapo karibu wa kumdaka.

"Na hilo gauni anafua nani?" dada aliuliza. "Usiniambie hakuna Mkenya huko jikoni."

Yeye alikuwa mnene, mweusi tii, na kicheko chake kilifika hadi getini. Kwa hiyo alipoanza kukosa pumzi kwenye ngazi na miguu kumvimba, hakuna aliyemwamini. Alitaka apelekwe hospitali tu. Madam alimtazama ile mikono yake akasema, "Wewe nguvu. Mafi mgonjwa. Yalla." Yaani hakuna ugonjwa, twende kazi.

Mimi nikaona shida ni vile anavyoomba. Nikamfundisha: ongea polepole, shika ukuta, tazama chini, usicheke.

"Kama yule yatima wako?"

"Kama yeye kabisa."

Jioni hiyo alisimama mbele ya madam, mkono kifuani, akaanza kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kisha akaniona mlangoni nikimwashiria alegeze shingo. Kicheko kikamtoka. Alicheka mpaka akakohoa, akashikilia kiti. Madam naye akatabasamu, akampigapiga begani, akarudi kwenye simu yake. Halas, yakaishia hapo.

Siku chache baadaye alianguka chumba cha kufulia, juu ya mashuka machafu, mdomo wazi, kitambaa kimemtoka kichwani. Tulimbeba hadi garini, mimi na dereva, Mkenya mwenzetu.

"Poleni, mimi ni mzito," alisema. Sisi tulikuwa tunahema.

Hakutoka hospitali akiwa hai. Madam alilia kweli, siwezi kumsingizia. Alirudia neno moja, kwamba dada alikuwa anacheka. Halafu akanipa simu niongee na binti wa dada huko Bungoma.

 Binti akauliza, "Mbona mama hakusema anaumwa?"

"Alisema, mdogo wangu," nikamjibu. "Alisema."