Waya Usiolala

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyoliua gari la mama yangu. Nililiua kwa mapenzi.

Usicheke. Najua nina miaka kumi na saba na bado nafua soksi za shule, lakini wewe uko Gredi ya Saba, na aliyekutangulia kukanyaga mwiba ni mzee wako. Keti. Kama hakuna kiti, keti juu ya mkoba wako, vitabu havilii.

Mama yangu ni daktari wa mifugo hapa Kitale. Siku nzima yuko barabarani na mtungi wake wa mbegu za fahali, ule unaofuka moshi wa baridi ukifunguliwa, kama chungu cha mchawi. Mkulima akiona ng'ombe wake yuko kwa joto anampigia simu, na hapo hakuna kungojana, kwa sababu joto la ng'ombe halifiki kesho. Likipita, ni wiki tatu tena. Shida ni kwamba wakulima wetu wanaelekeza kwa imani. "Daktari, kuja tu mpaka kwa posho mill, uliza kwa Mama Nekesa, kila mtu anajua." Mama anafika, anauliza, anaulizwa habari za watoto, anapewa ndizi, kisha anapelekwa kwa Mama Nekesa mwingine.

Ramani ya simu haikumfaa. Akiifungua tu, mkulima mwingine anapiga, ramani inazama. Basi nikaiokota jipiesi kuukuu, kile kisanduku cha kuonyesha njia, ambayo binamu yangu alikuwa ameitupa. Betri yake ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo ilitaka moto wa gari, na tundu la chaji la gari la Mama nalo lilikuwa marehemu. Nikaamua kuifunga moja kwa moja kwenye nyaya za gari, juu ya kishikizi nitakachochonga mwenyewe. Akili ni nywele, na mimi nilikuwa nimenyolewa juzi yake.

Kwa kishikizi nilihitaji ubao mgumu, mnene, usiopinda kwa jua. Jikoni kwetu kulikuwa na ubao kama huo, na kwa wakati ule haukuwa na kazi. Nikaukata, nikaupiga randa kingoni, nikaupaka rangi nyeusi, nikaukaza kwa skrubu juu ya dashibodi. Ulikaa vizuri kama meno ya mbele. Nikauzungushia taa ndogo za buluu, kwa sababu kitu kizuri lazima kionekane.

Sasa ukaja umeme, na hapa ufungue masikio yote mawili. Chini ya usukani kuna sanduku la fyuzi. Baadhi ya nyaya zake huamka funguo ikizungushwa na kulala funguo ikitoka. Nyingine hazilali kamwe, kama ule wa honi. Nilikuwa na testa yangu, nikagusa wa kwanza bila funguo. Giza. Wa pili, giza. Wa tatu, testa ikawaka pwaa! Nikaruka. Nikajiambia, huu ndio wenye nguvu, hawa wengine ni wavivu. Nikafunga hapo waya wa jipiesi na waya wa taa, zile nyaya zao za kurudisha umeme nikazikaza kwa bolti ya bodi ya gari, nikazungusha tepu nyeusi mpaka ikaisha.

Ungedhani ningemwita Mama aone. La. Nilitaka kumshangaza. Nikachukua kitambaa cha kochi, kile kilichofumwa maua ya waridi, nikafunika kazi yangu yote. Hiyo ilikuwa Jumamosi mchana. Jumapili tulienda kanisani kwa miguu, kwa maana ni karibu. Chini ya waridi zile, mwanangu, taa za buluu na jipiesi zilikuwa zinakunywa betri kimya kimya, na mimi kanisani naimba sauti ya tatu.

Jumatatu asubuhi Kukhu, mama yake Mama, alipiga simu kutoka Bokoli. Ng'ombe wake Neema alikuwa analia kwa joto tangu kulipopambazuka. Sasa ujue habari za Neema. Alikuwa amepandishwa mara mbili na mara mbili haikushika, na mjomba alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba ya tatu ikikosa, Neema anaenda kwa bucha. Kukhu naye anaongea na yule ng'ombe kuliko anavyoongea na mjomba. "Mwanangu," alimwambia Mama, na simu ilikuwa kwa spika, "nisipokuona leo, nitakuwa nimemuaga."

Mama akapakia mtungi, akaketi, akazungusha funguo. Tk. Akazungusha tena. Tk, halafu hata tk ikaisha. Akageuza macho polepole, akaona kitambaa cha kochi juu ya dashibodi. Akakifunua. Jipiesi ilikuwa imezima, taa zimezima, kila kitu kimetulia kama maiti aliyevalishwa vizuri.

"Wafula."

Jina tu. Heri angenitukana.

Tulisukuma. Jirani yetu Baba Njeri aliacha chai yake akaja, na wanawe, na mchungaji mmoja aliyekuwa anapita na suti. Matope yakaturukia mpaka kwenye nyusi. "Fundi, hizo waya uliunganisha na kaburi ama?" Baba Njeri akaniuliza, anahema. "Si ungeuliza hata kuku, bana!" Penye mteremko wa kanisa gari likakohoa, likashika, na Mama akapunga mkono bila kusimama. Nililirukia likitembea.

Kutoka Kitale hadi Kamukuywa alikanyaga mafuta tu. Moto ulipopanda, jipiesi ikafufuka na kuanza kutuamuru kwa sauti ya mzungu turudi tulikotoka. Taa zikawaka buluu, gari zima likawa kama disko ya mazishi. Nikasema, "Mama, niing'oe?" Akasema, "Iache. Naitazama." Tukafika Misikhu akiwa bado anaitazama.

Bokoli tulimkuta Kukhu amesimama na kamba ya Neema mkononi, kwa mlango wa boma. Mama akaingia na mtungi na glavu yake ndefu. Mimi nikabaki nimekanyaga mafuta kidogo kidogo, ili gari lisizime. Kukhu akaja dirishani, akaangalia taa zile muda mrefu.

"Hii ni kanisa ama ni gari?"

Nikamweleza yote, hata waya wa tatu. Alinisikiliza huku anatafuna muwa. Kisha akasema, "Mjukuu, hata Neema jioni namfungulia kamba alale. Ulichukua waya usiolala ukaupa mdomo. Kisicholala humla mwenyewe. Na tena ukakifunika! Mficha uchi hazai." Akanipa kipande cha muwa, akarudi kwa ng'ombe wake.

Kesho yake nilihamisha waya mpaka kwenye fyuzi ya waipa, inayolala funguo ikitoka, Mama akiwa amenisimamia na kikombe cha chai. Sasa jipiesi ina alama za boma za wakulima wake, Mama Nekesa wote wanne, kila mmoja na rangi ya ng'ombe wake. Na Neema? Wiki tatu zikafika, hakulia. Miezi miwili ilipotimia Mama alienda akampima mimba kwa mkono, akatoka zizini anacheka. Mjomba alimwambia mtu wa bucha atafute nyama kwingine.

Basi shika haya. Ukiunganisha kitu chochote, kwanza toa funguo utazame kama kinalala. Kinachowaka sana si lazima ndicho kilicho bora, na hii hata kwa marafiki utaiona. Zawadi yako mwonyeshe unayempa kabla hujaifunga skrubu. Kuuliza hakukupunguzii hata unywele. Ukikosea, usikimbie. Ingia garini na matope yako, ukae kimya, ukanyage mafuta taratibu mpaka kazi ya watu iishe. Mungu akupe mikono isiyoogopa kujaribu, akupe na mtu wa kukusukumia gari siku utakayoliua. Betri yako isikauke. Kukhu wako akuite kwa jina.

Kuhusu ule ubao. Miezi miwili Mama alikuwa anakatia sukuma wiki mkononi kama akina mama wa sokoni, akiulaumu ukoo mzima wa Baba Njeri kwa kuazima vitu bila kurudisha. Jioni ile tulipofika nyumbani kutoka kumpima Neema, jua lilikuwa limebambua rangi ya kishikizi, na chini yake zikaonekana alama za kisu, mamia, zimepishana. Mama akapitisha kidole juu yake. Akanitazama, akaingia jikoni, akarudi na kisu na shada la sukuma, akanipa, akasema:

"Leo utaikatia garini, si ndiko ubao wangu uliko? Na uwashe zile taa zako usijikate kidole, fundi wangu."