Waya Niliouharakisha Kabla ya Sabato

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani mjini Kisii, nikiendesha gari la zamani lenye taa za mbele hafifu kama kibatari. Wenzangu kazini walinitania eti nashika tochi kuangalia kama nimeziwasha. Nilicheka nao, lakini moyoni niliudhika, kwa sababu mke wangu alikuwa mja mzito, na kutoka nyumbani kwetu Ekerenyo hadi hospitali ya Nyamira ilikuwa barabara ya udongo mtupu.

Fundi mmoja alinieleza kwamba taa zenyewe hazikuwa na kosa. Umeme ulizunguka hadi kwenye swichi ya dashibodi kwa waya mwembamba uliochoka, ukifika mbele hauna nguvu. Dawa yake ni waya mnene utokao kwenye betri moja kwa moja, na rilei, swichi ndogo ya umeme, ya kuuwasha. Nikanunua vifaa, nikajitia ufundi. Mimi nikiudhika huwa mkaidi, sisikii la mtu.

Ijumaa alasiri nikafungua boneti uani. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kweli. Jua la Ijumaa likizama Sabato huingia, na bomani kwake hakuna anayeshika spana. Aliketi akitazama vilima.

"Mwanangu, jua halikungoji," akasema.

Nilikuwa nimebakiza tundu moja, pale waya unapopenya bati kuelekea kwenye taa. Hapo hutiwa mpira, bati lisiukate waya. Kuutia kungenilazimu kuuchomoa waya wote na kuanza upya. Ningeweza kuiacha kazi nusu, lakini niliona aibu mbele ya baba. Nikaupitisha hivyo hivyo, nikajiambia nitarekebisha Jumapili. Nilipowasha, mwanga ulifika hadi kwenye migomba ya jirani. Kesho yake kanisani baba akawaambia watu kwamba mwanawe aliimaliza kazi kabla ya Sabato kuingia. Nilitazama viatu vyangu.

Jioni hiyo hiyo ya Jumamosi uchungu ukamshika mke wangu. Mama yangu akapanda naye nyuma. Baba alibaki nyumbani. Kwetu mtu haketi gari moja na mkaza mwanawe akiwa katika hali ile, ni heshima isiyovunjwa. Mvua ilikuwa imenyesha na ukungu umetanda. Katikati ya safari gari likadunda kwenye shimo, taa zote mbili zikazima. Nikabadilisha fyuzi, ikaungua palepale. Nilijua mara moja ni wapi: kwenye lile tundu lisilo na mpira, bati limeukata waya. Kuuchomoa waya ule gizani, nikiwa matopeni, sikuweza.

Mama akashuka na tochi, akatutangulia kwa miguu. Nikamfuata polepole, huku mke wangu akilia kwamba mama arudi amshike. Nikamwambia avumilie, tunakaribia. Hatukuwa tunakaribia. Mtoto alizaliwa pale kitini bila mikono ya kumpokea. Mama alipokuja mbio, alimkuta hapumui.

Hospitalini walimwokoa mke wangu. Asubuhi nilipoingia alikuwa macho, ameugeukia ukuta. Akaniuliza gari liliharibika nini. Nikamwambia ni uzee tu wa gari. Akanishika mkono, akanipa pole kwa jinsi nilivyohangaika, nami nikaipokea.