Kitufe cha Kitanda Namba Saba

Saa mbili asubuhi, Mama Rimoti anavua viatu, anapanda kitanda namba saba cha wodi ya wazazi na kujifunika shuka hadi kifuani. Si mgonjwa. Yuko kazini.

Anabonyeza kitufe cha kumwita muuguzi kwa kidole kidogo, kile cha mwisho. Taa ya mlangoni haiwaki. Anajaribu kwa dole gumba, inawaka.

“Si kinafanya kazi?” anauliza muuguzi mkuu.

“Kwa mtu mwenye nguvu zake, dada. Narudi nacho kibandani.”

Vitufe vya vitanda vingine saba vimeshapita jaribio hili. Hiki kikishindwa leo, hospitali itaving’oa vyote, na akina mama watarudi kumwita muuguzi kwa kelele.

Fundi huyu wa miaka arobaini na mmoja hutengeneza rimoti, hadi kumi na tano kwa siku. Chini ya kila kitufe kuna kidoa cheusi cha mpira uliochanganywa na unga wa kaboni ili upitishe umeme. Kidoa kikichakaa, wengi hutupa rimoti. Yeye huchanganya kipya.

“Mpira peke yake haupitishi umeme,” anaeleza kibandani kwake, unga umemjaa hadi kwenye nyusi. “Punje za kaboni ni kama watu waliojipanga kupitisha ndoo. Mmoja akikosekana, maji hayafiki. Unaongeza kidogo, kimya. Unaongeza tena, kimya. Mara mshale wa mita ya umeme unaruka! Ukizidisha, mpira unakuwa mgumu.”

Jana alizidisha: gramu arobaini kwa mia moja za mpira. Leo anapima thelathini na mbili.

“Nilizidisha kwa woga tu,” anacheka. “Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.”

Nyoka wake alimuuma miaka tisa iliyopita, kwenye kitanda hicho hicho namba saba. Alikuwa amejifungua binti yake, damu ikawa haikatiki. Alibonyeza kitufe kwa kidole kilicholegea, taa haikuwaka; hakuna aliyekuja. Sauti ilikuwa imemwishia.

“Mama wa kitanda cha sita aliniona, akaita. Wa tano akapokea, wa nne akapokea, hadi mlangoni. Nilipopata fahamu alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Hata jina lake silijui. Namshukuru kila ninaposhika mpira huu.”

Ndiyo maana kazi ya wodi haitozi hata senti. Mumewe hulalamika kwa mzaha kwamba ameoa sufuria, kwa masizi anayorudi nayo. Mpango wake ni kumaliza wodi zote za hospitali hii, kisha abishe hodi hospitali ya jirani.

Saa tisa alasiri kitufe kimerudishwa, naye amelala tena kitanda namba saba. Anafumba macho, anagusa kwa kidole cha mwisho, taratibu kabisa.

Taa inawaka. Viatu vinasikika vikikimbia, na muuguzi kijana anaingia akihema.

“Nani ameita? Una nini, mama?”

Machozi yanamtoka Mama Rimoti.

“Sina kitu, mwanangu. Asante kwa kuja.”