Trekta Lililopimwa kwa Mzigo wa Majani

Mama yangu huota akiwa macho. Sizungushi maneno, ndivyo alivyo. Unaweza kumkuta amechuchumaa kando ya ng'ombe, ndoo katikati ya magoti, maziwa yanashuka kwa mdundo uleule, na mwenyewe hayupo. Mikono ipo, uso upo, yeye amekwenda zake. Ukimwita mara ya kwanza hasikii. Ya pili anaitika "Abee" kwa sauti ya mbali, kama aliye ng'ambo ya mto. Ng'ombe wanampenda kwa hilo, maana hana haraka nao.

Ana ng'ombe tisa wa maziwa, mbuzi kumi na wanne, na kondoo mmoja ambaye hakuna anayekumbuka alifikaje pale. Marehemu baba alikuwa fundi mwashi, mfupi kiasi kwamba majirani walimwita Fundi Robo, naye akaitika bila kinyongo. Mama ni mrefu. Wakiongozana njiani watu walibana vicheko, na baba akawaambia kwa sauti, "Chekeni tu, mwenzenu natembea kivulini." Banda lote alijenga yeye. Ghala la majani liko upande wa juu wa mteremko, zizi upande wa chini, na katikati kuna lango moja: nguzo mbili za tofali na boriti ya mti mgumu juu yake. Kila ndama aliyezaliwa pale, baba alimchongea alama kwenye boriti. Alipofariki, mama alikichukua kile kisu akaendelea. Alama zimefika hamsini na moja.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi ndicho cha mbele pale nyumbani, cherehani dirishani, na futi haitoki shingoni mwangu hata nikienda sokoni. Kazi yangu ni kupima watu. Nguo za mama nashona mimi, na kwa miaka kadhaa sasa, kila nikikata gauni lake naongeza kitambaa upande wa nyuma na kupunguza mbele, kwa sababu mgongo wake unazidi kupinda. Mwanzoni niliongeza kidole kimoja. Mwaka huu vilikuwa vitatu. Sikumwambia, naye hakuuliza.

Kisha daktari wa mifupa akainua picha ya mgongo ule kwenye mwanga wa dirisha, akamwambia basi. Asibebe majani kichwani, asisukume toroli la samadi. Akiendelea, ipo siku atalala na asiweze kuinuka. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akamuuliza kama nyumbani kwake wanapata maziwa mazuri.

Alasiri ile alikuja baba mdogo, mdogo wake marehemu, mfupi kama kaka yake na mwenye roho nzuri kama yake.

"Shemeji," alisema, "ng'ombe niachie mimi. Watakuwa kwangu, utakuja kuwaona utakapo."

Mama aliangalia zizini kwa muda mrefu. Mimi nilimwangalia yeye, na nikaogopa. Nilijua ng'ombe wale wakitoka, mama atabaki na mahali pa kukaa lakini hatakuwa na mahali pa kuotea.

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Nikipata trekta dogo linalopita langoni, wanabaki. Nisipopata, njoo na kamba zako."

Basi mwezi ule nyumba yetu ikajaa matrekta ambayo hayakuwepo. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya majani, mama alikuwa akisimama uani na kikombe cha chai na kuniambia aliyoyaona. Leo lilikuwa jekundu, linashuka mteremko bila kelele, na ng'ombe wanalifuata mmoja mmoja kama wanakwenda harusini. Jana lilikuwa la buluu na baba ameketi juu yake, miguu haifiki chini. Tulicheka kwa hilo mpaka chai ikapoa. Nilipomwambia tukapime lango tujue la kununua, alinikata kauli.

"Lango langu nalijua. Miaka yote napita pale na mzigo wa majani kichwani, nimesimama wima, na mzigo haugusi boriti. Trekta likiwa fupi kuliko mimi na mzigo wangu, litapita."

"Mama, futi hii hapa. Ni dakika moja."

"Futi yako ni ya watu. Niachie lango langu."

Anapokuwa hivyo, hata ukilia damu hakusikii. Nilinuna siku mbili, kisha nikaenda naye.

Ndivyo ilivyotokea kwamba mama aliingia kwenye uwanja wa muuza matrekta akiwa na ngata kichwani, na juu ya ngata mzigo wa majani makavu aliouchagua kwa kuwa mwepesi, ukubwa ule ule wa kila siku. Nilitamani ardhi ipasuke. Mafundi wa karakana waliacha spana zao wakatoka kutazama. Muuzaji, kijana mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio, alitupokea kana kwamba wateja wake wote huja na majani yao.

"Karibu mama. Hili hapa lina nguvu za farasi thelathini."

"Farasi sina, mwanangu. Nina ng'ombe. Hebu simama pale mbali uniambie, hicho chuma cha nyuma ya kiti kiko juu ya majani yangu au chini?"

Chuma chenyewe ni fremu inayomlinda dereva trekta likipinduka. Muuzaji alieleza kwamba inaweza kulazwa kupita mahali pafupi, ila kwenye mteremko lazima isimame. Kwetu ni mteremko mtupu. Nilimwambia mama pale pale kwamba fremu hiyo ikilazwa hata mara moja, nitawafungulia ng'ombe mwenyewe waende kwa baba mdogo.

Alitembea kati ya mistari ya matrekta taratibu, mzigo kichwani, akisimama kando ya kila moja. Lile kubwa lilipita majani kwa mbali. Dogo kuliko yote lilikuwa kama mwanasesere, na muuzaji mwenyewe alikiri kwamba likijazwa samadi halitapanda kwetu. Mengine yalikuwa na ngazi ya juu mno kwa mgongo ule. Jua lilikuwa limeanza kupasha rangi mpya, na harufu ya matairi na mafuta ilinilevya kidogo. Nilikaa juu ya kreti nikimtazama, na kwa mara ya kwanza nikaanza kuona alichokuwa anakiona yeye: ng'ombe wakishuka mteremko wenyewe, na mama juu, mikono mitupu.

Akasimama kwenye moja la rangi ya chungwa, lenye kijiko cha mbele cha kuzolea samadi. Akatua mzigo, akapanda, akafumba macho. Muuzaji alitaka kuwasha injini.

"Usiwashe," mama alisema. "Ngoja kwanza nikae."

Alikaa mpaka mafundi wakarudi kazini. Fremu ilikuwa chini ya majani kwa vidole viwili. Alipofumbua macho alitabasamu, akasema, "Hili."

Lililetwa siku ya mwisho wa mwezi, kabla ya adhuhuri. Baba mdogo alikuwa amefika mapema, kamba begani, amesimama pembeni kwa aibu ya mtu anayeombea asihitajike. Lori likashusha trekta. Muuzaji akamwelekeza mama breki na gia, wakazunguka uani mara tatu, mbuzi wakatawanyika, kondoo hakujali. Kisha mama akalielekeza langoni, polepole, uso umemtulia.

Kwaa.

Fremu ilikuwa imegonga boriti. Haikugusa tu, iligonga hasa, na vumbi la miaka likamwagikia mabegani mwake. Muuzaji akakimbia kuzima injini. Baba mdogo akainamisha kichwa, na nikamwona akishika kamba zake vizuri.

"Haiwezekani," mama alisema. Alishuka, akarudi ghalani, na kabla sijamzuia alikuwa ameshajitwika mzigo wa majani. "Napita hapa kila siku. Tazameni wenyewe."

Akaja, mrefu, shingo imenyooka. Hatua mbili kabla ya boriti magoti yake yakakunjika. Shingo ikazama, mgongo ukapinda, mzigo ukapita chini ya boriti bila kuigusa, na hatua mbili mbele akainuka tena, wima. Akageuka kwetu.

"Mmeona?"

Muuzaji alitazama viatu vyake.

"Mama," nikasema, "umeinama."

"Sijainama."

"Umeinama, Mama."

Alikasirika. Akarudi, akapita tena, na magoti yakafanya vilevile. Akanitazama usoni. Mara ya tatu alikuja polepole mno, kama anajinyemelea mwenyewe, na chini kabisa ya boriti akasimama. Alibaki hapo, mzigo kichwani, magoti yamekunjika. Akashusha mkono mmoja akalishika goti lake, alipapase, ahakikishe ni lake. Nilimwondolea mzigo. Nilipima lango, hatimaye, na nikampima yeye na mzigo wake. Tofauti ilikuwa inchi nne.

Kutwa mara tatu, miaka ishirini na sita. Mimi ninayejua inchi za kila mwanamke wa mtaa mzima, mimi niliyekuwa nikiongeza kitambaa mgongoni kimyakimya, sikuwahi kuuliza mgongo ule unapindia wapi. Nilijichukia, nakwambia kweli. Halafu nikamchukia baba kidogo.

Baba mdogo akasogea langoni, akainua macho kwenye boriti.

"Boriti hii tuliipandisha mimi na kaka," akasema. "Alijitwika mzigo wa majani akasimama hapa katikati, nikapima kwake. Wewe shemeji hukuwepo. Ulikuwa umekwenda kwenu kujifungua." Akanionyesha mimi kwa kidevu. "Huyu."

Mama alikaa ukingoni mwa hori. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia.

"Fundi Robo," alisema. "Ulijenga mlango wako wewe, mume wangu, nami nikaingia humohumo bila kujua." Akajifuta macho. "Angejua angeubomoa siku ileile. Na mimi ningemwambiaje, nami sikujua?"

Muuzaji akakohoa, akasema trekta linaweza kurudi lilikotoka, hakuna ubaya. Mama alitazama zile alama hamsini na moja. Nilijua anachohofia, na safari hii sikumwachia aote.

"Mama, haikatwi. Inapandishwa."

Baba mdogo alikuwa ameshavua shati. Kwa zile kamba alizokuja nazo kufungia ng'ombe tukaifunga boriti, ncha moja yeye na muuzaji, nyingine mimi na dereva wa lori, na ikapanda. Tukapachika tofali mbili kila upande, saruji ingefuata kesho. Shati jeupe la muuzaji liliharibika kabisa, na hakulalamika. Mama alisimama pembeni na kisu cha baba mkononi, akikigeuzageuza, hata sijui alikwenda kukitoa lini.

Alasiri akapanda trekta, fremu imesimama. Akalipitisha langoni na shibiri nzima ikabaki juu. Alipofika chini ya boriti, juu ya kiti chake, bila mzigo wowote, aliinamisha shingo.

"Nyooka, Mama!" nikampigia kelele.

"Nimenyooka!"

Baba mdogo alirudi kwake na kamba tupu. Mama hupita langoni kila asubuhi, na mimi naacha cherehani nakwenda kusimama uani kumpigia kelele ileile, na siku nyingine hupita bila kuinama. Kitambaa cha gauni lake jipya kiko mezani, cha maua madogo. Mikono nimeshakata, kola nimeshakata. Mgongo sijaukata bado.