Emojong Kwenye Taarifa ya Habari

Asekenye alikuwa akikaanga maandazi kwenye kibanda chake cha chai, nyuma ya yadi ya malori pale Malaba, dereva mmoja alipomwambia kwamba mji wao ulionyeshwa jana kwenye Umma TV. Habari yenyewe ilikuwa ya foleni: malori yalikuwa yamesimama tangu mpakani hadi karibu na Amagoro, na madereva walikuwa wakilala chini ya trela.

Asekenye hana runinga. Lakini Umma TV, shirika la utangazaji la serikali, ilikuwa imeanzisha app ya bure, mtu anatazama taarifa za habari na vipindi vilivyopita wakati wowote anaotaka, na yeye aliiweka kwenye simu kwa sababu ya misa ya Jumapili. Wateja walipopungua aliketi juu ya kreti ya soda, akafungua taarifa ya jana ili aone kama kibanda chake kimetokea.

Badala yake akamwona mdogo wake.

Emojong alipita katikati ya malori mawili, mkate kwapani, bega la kushoto limelala kidogo, kama alivyotembea tangu siku alipoanguka kutoka juu ya shehena. Aligeuka, akamcheka mtu ambaye kamera haikumwonyesha, kisha lori likamfunika. Basi.

Emojong alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori. Miaka mitano iliyopita aliondoka na lori la saruji lililokuwa likielekea Juba, na hakurudi. Dereva wake alirudi peke yake, akaeleza kwamba walishambuliwa njiani na kila mtu akakimbilia porini kivyake. Polisi wa huku walisema hilo limetokea nchi ya wenyewe. Huko kwa wenyewe hakuna aliyesema lolote. Mama yao, Adeke, anayeishi Kocholia, alikataa kumlilia mtoto ambaye hakuuona mwili wake. Mwaka huu ndipo katekista alipomlainisha, akakubali misa ya kumwombea marehemu, na siku ikapangwa.

Asekenye alimpigia simu hapohapo, maandazi yakiungua.

"Mama, Emojong yuko hai. Yuko hapa Malaba. Nimemwona kwenye habari."

Kilichosikika ni simu kuanguka, halafu vigelegele.

Misa ikafutwa. Adeke aliifungua nyumba ya mwanawe, akafagia, akaikandika upya kwa udongo na samadi, akaomba godoro kwa jirani. Huku Malaba, Asekenye alifunga kibanda na kuanza kutafuta. Aliisimamisha ile video kwenye uso wa Emojong na kuwaonyesha maajenti wa forodha, wabadilishaji pesa, walinzi wa yadi. Alivuka hadi upande wa Uganda, akauliza kwenye nyumba za kulala wageni. Wengine walitikisa kichwa. Wengine, kwa huruma au kwa haraka zao, walimwambia sura hiyo si ngeni, wamemwona majuzi. Hao ndio waliomuumiza zaidi, maana kila aliposikia hivyo alipiga simu Kocholia.

Mzee Paulinus alifika kutoka Mombasa wiki iliyofuata. Ni dereva wa siku nyingi; ndiye aliyemfundisha Emojong kufunga turubai. Asekenye alimkabidhi simu kabla hata hajateremka vizuri. Mzee alitazama mara moja, akatazama tena. Hakutabasamu.

"Dada, hapo nyuma yake. Hiyo hoteli ya kijani ni ya nani?"

Asekenye akaangalia. Mabati ya kijani, madirisha mawili, jiko la udongo mlangoni. Ilikuwa hoteli yake mwenyewe, ile ya kwanza, iliyobomolewa na tingatinga walipopanua barabara, mwaka mmoja baada ya Emojong kupotea. Siku zote hizo alikuwa akitazama uso wa mdogo wake tu, na nyuma ya uso huo hakuwahi kufika. Mkate ule Emojong aliununua kwake. Aliyekuwa akichekwa, pengine ni yeye.

"Pole," Paulinus alisema. "Pole sana, mwanangu."

Asekenye alipiga simu Umma TV. Msichana aliyepokea alikuwa na adabu. Alimwacha akisubiri, akarudi.

"Hizo ni picha za maktaba, mama. Huwa tunaandika kwenye skrini, siku hiyo ilisahaulika. Foleni zinafanana."

"Zilipigwa lini?"

"Ni za zamani. Samahani kwa usumbufu."

Alipofika Kocholia alimkuta mama yake uani akimnyonyoa kuku. Asekenye alisema yote akiwa amesimama, kwa kuogopa kwamba akiketi atashindwa. Adeke alisikiliza bila kuacha kunyonyoa.

"Wewe ndiye uliniambia yuko hai."

"Nilikosea, Mama. Picha ni ya zamani. Hoteli yangu ya zamani iko hapo."

"Habari ilisomwa lini?"

"Juzi juzi tu, lakini—"

"Basi. Serikali haiwezi kusoma habari za juzi na watu wa zamani. Lete hiyo simu."

Akamtazama mwanawe akipita, akigeuka, akicheka. Akaomba irudiwe. Kuanzia hapo, kila Asekenye alipokwenda kumsalimu, jambo la kwanza lilikuwa simu. Katekista alikuja kuzungumzia misa, akajibiwa kwamba watu hawaombewi wakiwa kazini. Asekenye alijaribu kumweleza tena, na tena, hadi akachoka. Mwishowe akawa anabonyeza tu na kugeukia upande mwingine mpaka kelele za malori ziishe.

Kisha Jumapili moja video ikakataa kufunguka. App iliandika kwamba taarifa hiyo haipatikani tena. Habari zikikaa muda fulani huondolewa. Asekenye alitafuta kwa kila namna.

"Wameitoa, Mama."

Adeke aliichukua simu, akaibonyeza mwenyewe.

"Umemfuta," alisema.

"Si mimi."

"Ulitaka afe tangu mwanzo, ili misa iendelee. Sasa umemfuta."

Asekenye aliweka mezani sukari na sabuni alizoleta, akachukua mkoba. Mama yake hakumsindikiza.

Alirudi Malaba, akawasha jiko. Foleni ilikuwa imefika tena Amagoro, na madereva walitaka chai.