Shimo Ambalo Sikulichimba

Juzi, katika duka la dawa za mifugo pale Ekerenyo, niliona picha ukutani: mbwa akila kondo la nyuma, na ng'ombe aliyetupa mimba. Maandishi yalisema mbwa wa namna hiyo akinya kwenye nyasi, ng'ombe wengine huambukizwa. Nilisahau kilichonipeleka.

Nilikumbuka alasiri moja ya utoto wangu, ng'ombe wetu alipokuwa ametupa mimba. Boma lilinuka damu na majani ya mgomba yaliyolowa. Mama alinipa jembe nikazike kila kitu kilichotoka. Udongo ulikuwa mgumu, nami mvivu. Mbwa wetu alikuwa akilialia kwa njaa, nikamwachia vyote, nikadhani nimetenda wema. Aliposhiba, alienda kulala juu ya nyasi za nepia tulizomkatia ng'ombe.

"Nani amepita hapa akaangalia ng'ombe?" Mama aliuliza.

Niliogopa asije akauliza kuhusu shimo. "Mama Kemunto," nikasema. Kweli, jirani yetu huyo alikuja asubuhi kuomba chumvi, akasifu tumbo la ng'ombe.

"Basi ni jicho lake."

Niliamini jicho huua ndama, kwa hiyo sikuona nimekosa. Ng'ombe wa pili alipotupa mimba, Mama alimfukuza Mama Kemunto langoni, mbele ya watu waliokuwa wakitoka kanisani.

Sasa Mama Kemunto amezeeka. Akija kuomba chumvi husimama nje ya lango, amegeuzia uso barabarani, asionekane anatazama ng'ombe wetu.

Jana nilimpelekea chumvi pale pale nje. Alinishukuru, nami nikarudi ndani nikiwa sijamtajia lile shimo.